Nguvu za Kiume Hazishiki Yai

Msikilizaji, siku ya gulio huku Upareni, Bendera, Kihurio au Ndungu, humkosi muuzaji mwenye spika akinadi mizizi ya nguvu za kiume. Wateja wapo. Wengine shida yao si nguvu hata kidogo: ndoa ina miaka na mtoto hajapatikana. Hao wanauziwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Mbegu ya kiume ikilifikia yai, kazi bado. Kofia yake ya mbele hufunguka kwanza, ndipo protini iitwayo Izumo hujitokeza na kushikana na protini ya yai, Juno. Baada ya kushikana, utando wa mbegu na wa yai huungana. Pasipo mshiko huo hakuna mimba. Ni sawa na pawatila kwenye mpunga wa Ndungu: injini inanguruma, matairi mazima, lakini pini ya tela haipo. Mzigo hautoki shambani.

Izumo ilitangazwa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, wakaipa jina la hekalu ambako Wajapani huombea ndoa. Walizalisha panya madume wasio na protini hiyo. Madume hao walipanda kama kawaida, mbegu zao ziliogelea vizuri, zikapenya hata ganda la yai. Zikaishia hapo. Juno ilipatikana mwaka 2014 katika Taasisi ya Wellcome Sanger, Uingereza, na panya majike walioikosa nao hawakuzaa. Yai nalo ni jeuri: likishapata mbegu moja, huondoa Juno zake ndani ya dakika 40 hivi, mbegu nyingine zikose pa kushika.

Mambo ya maabara za mbali, utasema. Lakini huku kwetu Upareni mtoto akichelewa, anayeitwa tasa ni mke. Mawifi watanong'ona, wazee watamshauri kijana aongeze mwingine, na hakuna atakayeuliza kama kijana mwenyewe amepimwa. Wakati huohuo, katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanamume ana mchango wake. Mimi naliita hilo uonevu, na sitatafuta neno laini zaidi.

Kipimo cha kawaida cha manii huhesabu mbegu, hutazama mwendo wake na umbo lake. Izumo hakiioni. Kwa hiyo hata karatasi yenye majibu mazuri haimpi mume ruhusa ya kumnyooshea mkewe kidole. Mshiko ukikataa, wataalamu wanaweza kuidunga mbegu moja ndani ya yai, njia iliyoanza kuzaa matunda Brussels mwaka 1992. Tanzania huduma hiyo ipo, ila kwa mkulima wa mpunga bei yake inatisha.

Kipimo cha kwanza hakitishi hivyo. Nendeni wote wawili, baba na mama, na baba asitoe manii kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kupima. Sampuli inatakiwa iwe mikononi mwa mtaalamu ndani ya saa 1. Usiipakie kwenye basi la Same ukampa kondakta, ndugu yangu, panda mwenyewe.