MOSHI WA TAKA

Leo tuzungumze juu ya moshi wa taka.

Kila jioni tunafagia nyua zetu. Taka tunazikusanya na kuzitia moto. Uwanja unabaki safi. Je, moshi unakwenda wapi? Unakwenda kwa jirani.

Jioni hewa hupoa na upepo hutulia. Moshi haupandi juu, unatambaa chini mpaka vyumbani. Majani mabichi hutoa moshi mzito zaidi. Na moshi wa plastiki una sumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni, 2019. Lakini chupa na ndara kuukuu bado tunazo. Hizo tusizichome.

Katika kitongoji kimoja tulikuta akina mama wawili hawasalimiani. Mmoja alikuwa akichoma taka. Mwenzake alikuwa na mjukuu mwenye pumu. Alinyamaza mwaka mzima, kisha siku moja akaja na ndoo ya maji akauzima ule moto. Ugomvi ukazuka. Tulipowakalisha pamoja, mchomaji akasema, "Mwenzangu, mbona hukuniambia? Mimi nilidhani mtoto ana mafua tu." Siku hizi wanatumia shimo moja la mboji.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tumwendee jirani kwa upole, wakati moto haujawashwa.

Pili, tutenge taka. Majani, maganda na samadi tutie shimoni, tunyunyize maji, tufunike kwa udongo. Baada ya miezi mitatu hivi tutapata mbolea ya bustani. Plastiki tuiweke kando. Chupa nzima tuzitumie tena.

Tatu, jirani akikataa, tumwone mwenyekiti wa kitongoji. Jambo likiwa la wengi, tulipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema pale. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Sheria hiyo huanza kutumika ikishakubaliwa na halmashauri ya wilaya.

Nasi tunajua kusoma na kuandika. Tuiandike hoja yetu, tuisome mbele ya mkutano. Hapo kisomo kitatufaa.

Haya, majembe tunayo. Tuanze na shimo. Kwaherini.