Hisabati ya Chuo kwa Njia ya Intaneti: Masharti Yake na Wajibu Wetu

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, Mbwera)



Niliombwa nichague jambo lenye manufaa kwa wanafunzi walioko shuleni na kwa vijana waliokwisha kumaliza. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni somo la hisabati ya utangulizi la chuo kikuu, linalosomwa kwa njia ya intaneti, mwanafunzi akiwa nyumbani kwake.

Nimelichagua kwa kuwa mbele ya mkutano huu ipo hoja. Vijana wanne wa hapa wanataka kuanza masomo ya chuo bila kuhama Mbwera. Wawili ni wavuvi, mmoja anafundisha kwa kujitolea, na mmoja ni mama wa watoto wawili. Umoja wetu umeombwa uwanunulie vishikwambi. Fedha iliyopo ni ile tuliyoichanga kwa miaka mitatu, nayo haitoshi kufanya mambo mawili. Basi yafaa tuijue safari kabla ya kununua chombo.

Kwa nini hisabati, na si somo jingine? Kwa sababu hisabati ndiyo mlango mwembamba. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2021 na 2022, ni kiasi cha mtahiniwa mmoja tu katika kila watano aliyefaulu Hisabati ya Msingi nchini. Nazo kozi nyingi za sayansi, uchumi na biashara humtaka mwombaji ambaye hakusoma hisabati kidato cha sita awe na walau alama D ya kidato cha nne, au awe amefaulu Hisabati ya Matumizi. Anayeingia hukutana tena na hisabati mwaka wa kwanza: seti, fankisheni, matriki, na mwanzo wa kalkulasi.

Wala tusiseme kwamba watu wa Delta hawana hesabu. Wazee wetu waliuza boriti za mikoko kwa korija, ishirini ishirini, na kupima mpunga kwa pishi na kibaba. Nahodha wa hapa anajua kwamba maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatachelewa kiasi cha dakika 50. Kinachotupungukia ni kuiandika hesabu hiyo kwa lugha ya vitabu, hatua kwa hatua, mpaka mwingine aweze kuikagua.

Njia ya kusoma ukiwa mbali si ngeni nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kuzinduliwa Januari 1994. Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, mwenyewe alikuwa mwalimu wa hisabati. Watumishi wengi wa umma, nami nikiwa mmojawapo, tulipata shahada kwa njia hiyo bila kuacha kazi. Zamani tulitegemea vitabu vya chuo na vikao vya ana kwa ana. Leo sehemu kubwa ya masomo imehamia kwenye kompyuta na simu. Lakini ndugu zangu, masharti hayakuondoka. Yale ambayo chuo kilikuwa kikiyatimiza ndani ya ukuta wake, sasa ni juu ya mwanafunzi na kijiji chake kuyatimiza. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote ni maelezo yake.

Sharti la kwanza ni sifa za kuingia. Kwa mujibu wa miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu ya miaka ya karibuni, mhitimu wa kidato cha sita hutakiwa awe na masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao ya pekee. Mwenye stashahada hutakiwa awe na wastani usiopungua 3.0. Aliyepungukiwa anayo njia ya kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Huingia akiwa na pointi 1.5 katika masomo mawili, yaani E moja na S moja, au stashahada ya wastani wa 2.0. Kisha lazima amalize kozi hiyo kwa wastani wa 3.0, na apate C au zaidi katika masomo matatu ya fani yake. Aliyeishia kidato cha nne kwa kawaida huanzia astashahada. Kila anayeomba na ausome mwongozo wa mwaka wake, maana maneno ya barazani si mwongozo.

Sharti la pili ni saa. Katika vyuo vyetu krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Somo la krediti 10 basi ni saa 100. Tukizigawa kwa majuma 15, tunapata saa 6 na dakika 40 kwa juma, na hilo ni somo moja tu. Mwenye masomo matatu ana saa 20. Mvuvi anayetoka usiku na kurudi alfajiri atazipata wapi? Mama atazipata saa ngapi, kama nyumba nzima inamngoja apike? Swali hili lazima lijibiwe na jamaa zake kabla ya yeye kulipa ada. Na hisabati haina huruma kwa aliyeruka juma moja: asiyeelewa fankisheni juma la tatu hataelewa kalkulasi juma la nane.

Sharti la tatu ni zana. Simu inatosha kwa kusoma na kupokea matangazo. Lakini hisabati huandikwa kwa mkono, kwenye karatasi, kisha karatasi hupigwa picha na kutumwa. Picha yenye kivuli au isiyo na namba ya mwanafunzi ni sawa na kazi isiyoletwa. Mhadhara wa video wa saa moja waweza kula mamia ya megabaiti, wakati maelezo yale yale kwa maandishi hula kidogo sana. Basi mwenye bando dogo na ajifunze kusoma kwanza, atazame baadaye. Kadhalika kishikwambi bila chaji ni kibao cha kukatia vitunguu.

Sharti la nne ni uaminifu. Siku hizi zipo programu ambazo ukiupiga picha mlinganyo, zinakupa jibu na hatua zake zote. Kujifunzia kwazo si kosa pale chuo kinaporuhusu. Kuandika jibu lake kana kwamba ni lako ni wizi, na adhabu yake chuoni yaweza kufika kufukuzwa. Lakini hata asipokamatwa, atafikishwa kwenye sharti linalofuata akiwa mikono mitupu.

Maana sharti la tano ni mtihani wa kusimamiwa. Mazoezi yaweza kufanyika nyumbani, lakini mtihani wa mwisho kwa desturi hufanyika mbele ya msimamizi, kwa kitambulisho, bila simu. Kituo cha Chuo Kikuu Huria kwa mkoa wetu wa Pwani kipo Kibaha. Kutoka hapa ni boti hadi bara, gari hadi barabara ya Kilwa, kisha Dar es Salaam, kisha Kibaha. Kuna nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea. Hiyo ni gharama ya somo kama ilivyo ada, na katika maombi tuliyoletewa haimo.

Sharti la sita ni tarehe. Hapa nawaomba wanafunzi mchukue kalamu. Maji yakijaa Jumatatu saa nne asubuhi, Jumatatu inayofuata yatajaa saa ngapi? Dakika 50 mara 7 ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50. Jibu ni karibu saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Aliyepanga kuvuka kila Jumatatu asubuhi kwa maji yaliyojaa ataikuta mashua imekaa matopeni. Saa ya chuo imesimama, saa ya maji inatembea. Mwanafunzi wa Delta lazima azisome zote mbili.

Na yapo makubwa kuliko maji ya kila siku. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalifunika mashamba na makazi ya watu wa Rufiji na Kibiti. Tarehe 4 Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu upande wa Mafia. Tarehe 12 Mei nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikakatika, na mawasiliano yakayumba Afrika Mashariki nzima. Yote hayo ndani ya majuma machache. Vyuo vingi vina kanuni ya kuahirisha kazi au mtihani kwa sababu za kweli. Lakini ombi hutakiwa liwe kwa maandishi, mapema iwezekanavyo, pamoja na ushahidi. Anayekaa kimya huandikiwa sifuri, hata kama nyumba yake ilikuwa majini.

Ndugu Mwenyekiti, huenda mtu akasema kwamba vijana wakipewa vifaa watajitafutia. Jambo hili limekwisha kujaribiwa na waliotuzidi kwa vifaa. Mwaka 2013, San José State University ya Marekani iliungana na kampuni ya Udacity kufundisha hisabati za mwanzo kwa intaneti. Miongoni mwa waliojiunga walikuwamo wanafunzi wa sekondari na wengine waliokwisha kushindwa somo hilo. Katika muhula wa kwanza, hisabati ya kurekebisha msingi ilifaulisha wasiofika robo. Aljebra ya chuo asilimia 44 hivi. Takwimu karibu nusu. Julai mpango ukasimamishwa kwa muda. Muhula wa kiangazi matokeo yakapanda sana, lakini zaidi ya nusu ya wanafunzi wa safari hiyo walikuwa na shahada tayari. Funzo ni jepesi: intaneti humsaidia zaidi aliyekwisha kujifunza namna ya kujifunza. Mwenye msingi dhaifu anahitaji mtu karibu.

Waingereza walilijua hilo mapema. Chuo Kikuu Huria chao kilipoanza kufundisha 1971, somo la msingi la hisabati lilirushwa kwa televisheni na redio, lakini liliambatana na walimu wa vituo na kambi ya masomo ya kiangazi. Nasi tulilijua pia. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walisikiliza redio nchini. Hawakusikiliza kila mtu kwake. Walikaa vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa chombo, na kikundi ndicho kilichofanya kazi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu usinunue vishikwambi vinne. Najua vijana wetu wameketi hapa na hawatafurahi kunisikia. Lakini kuwapa kifaa na kuwaacha peke yao ni kuwasindikiza hadi bandarini tu. Badala yake napendekeza haya:

Kwanza, tutenge chumba kimoja hapa shuleni, tukiwekee sola na betri, kompyuta mbili, kifaa cha intaneti, ubao na meza. Kiwe wazi jioni na siku za mapumziko, kwa wanaume na wanawake.

Pili, tumlipe posho mwalimu mmoja wa hisabati aongoze kikundi mara mbili kwa juma. Kazi yake si kuwafanyia zoezi, bali kuuliza: hatua hii umeitoa wapi?

Tatu, kabla ya kujiandikisha chuo, vijana wote wanne wafanye majuma manane ya marudio: sehemu, aljebra, milinganyo na grafu, kisha jaribio. Atakayeshindwa asifukuzwe; angoje msimu ujao na aendelee na kikundi.

Nne, fedha itakayobaki iwekwe kwa nauli ya mitihani tu.

Tano, tuiombe serikali ya kijiji itoe barua bila kuchelewa, pale dhoruba au mafuriko yanapomzuia mwanafunzi, ili aiambatanishe na ombi lake.

Chumba hicho hakitakuwa mali ya hao wanne peke yao. Watakapomaliza kitabaki, na wanafunzi wa kidato cha tatu wanaonitazama sasa watakikuta. Kwa upande wangu, nimekwisha kumkabidhi mweka hazina mchango wangu wa mwaka, na najitolea kuyasahihisha majaribio ya yale majuma manane, yakitumwa kwangu kwa picha zisizo na kivuli.

Ndugu Mwenyekiti, hoja ni ya mkutano na uamuzi ni wa mkutano. Naomba kukomea hapa, na niko tayari kwa maswali.