Kompyuta, Simu na Sharika Zetu: Tununue Nini, Tuache Nini?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika za Masasi, Ndanda na Newala, mbele ya wafadhili, iliyotolewa Ndanda.



Ndugu wa Newala mmeteremka mlima tangu alfajiri, na tunajua baadhi yenu mmekuja na vumbi la kutosha kupanda mihogo.

Tumeombwa kuzungumzia vifaa. Maombi mengi ya sharika yaliyofika ofisini kwetu yanafanana kama mapacha: kompyuta ya mezani, mashine ya kuchapisha, na intaneti. Tuseme mapema kwamba ofisi yetu si adui wa vifaa. Wanaotufahamu wanajua tunavyopenda kushika bisibisi na kufungua kitu ili kuona ndani kuna nini. Kwa mapenzi hayo hayo tunasema bila kumung'unya maneno: vingi vya vifaa hivyo, vikinunuliwa kama vilivyoombwa, baada ya miaka miwili vitakuwa vimefunikwa kitambaa cha kufuma kwenye kona ya ofisi ya mchungaji, juu yake kimewekwa chombo cha maua.

Tuanzie na pampu, maana nayo ni teknolojia. Kuanzia miaka ya 1970 nchi ya Finland iliisaidia mikoa yetu ya Mtwara na Lindi katika miradi ya maji, na pampu za mkono zikafika vijijini. Wazee mnazikumbuka. Zilikuwa imara. Lakini pampu imara nayo ina mpira ndani unaolika, na pale ambapo hapakuwa na duka la kuuza mpira mwingine, wala kijana aliyefundishwa kuufunga, akina mama walirudi kwenye madimbwi yao ya zamani. Pampu ilisimama mbele yao, chuma kizima, haina ugonjwa mwingine.

Sasa tazameni hapa tulipokaa. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi ziliteketezwa. Mwaka uliofuata, 1906, walianza hapa Ndanda. Hao ni ndugu zetu wa kanisa jingine, lakini la kujifunza kwao lipo. Hawakuleta mashine peke yake. Walijenga karakana, wakaweka kiwanda cha kuchapa vitabu, na watu wa hapa wakafundishwa kazi. Mashine ikiharibika, aliyeifahamu alikuwa jirani, anakula ugali wa hapa hapa. Sisi Walutheri tunaomba kompyuta, lakini katika maombi yote tuliyosoma hatukuona mstari hata mmoja unaoomba kijana apelekwe kujifunza kuitengeneza.

Tuje kwenye kompyuta zenyewe. Ndugu wafadhili, mtatusamehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masahihisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizokuwa zinaitumia haziwezi kubeba Windows 11. Kwa hiyo ofisi nyingi za Ulaya zinatafuta mahali pa kuzipeleka, na jicho linageukia Afrika. Hatusemi msitume. Tunasema msitume kompyuta za mezani. Kompyuta ya mezani na kioo chake hula umeme mara kadhaa ya kompyuta mpakato, na umeme ukikatika katikati ya kuandika daftari la matoleo, kazi yote imekwenda. Mpakato ina betri yake. Unamaliza mstari, unahifadhi, unafunga. Tena ikiharibika inabebwa kwenye mkoba hadi kwa fundi Masasi. Ya mezani inahitaji bodaboda na imani.

Nayo mpakato ya zamani ikifika isiwekwe Windows ya kunakili kutoka kwa rafiki. Iwekwe Linux, ambayo ni bure kwa haki, na huifufua mashine iliyokuwa inakokota miguu. Kuna faida nyingine ambayo kila katibu wa usharika ataielewa. Flashi zetu zinazunguka kwenye steshenari za mjini na kurudi na virusi, na virusi vingi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Linux havikuiwinda.

Tunasikia wanaonong'ona kwamba hiyo ni ngumu, ni ya wataalamu. Ndugu zangu, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa wakatafuta maneno: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Kwa maoni yetu hiyo ni moja ya kazi nzuri zilizowahi kufanywa na wataalamu wa kompyuta wa nchi hii, na inasikitisha kwamba haikuenea ilivyostahili. Leo mrithi wa programu ile ni LibreOffice, bure vilevile, nayo inatosha kabisa kwa barua, bajeti na orodha ya kipaimara. Mzee wa kanisa anayesoma neno "hifadhi" hamwogopi panya wa kompyuta kama anayesoma neno asilolijua.

Kuhusu mashine ya kuchapisha tutasema kwa ufupi: msinunue ile ya wino wa maji, hata kama bei yake inavutia. Usharika unachapa Jumamosi jioni, kisha wiki tatu mashine imelala; wino unakauka na kuziba, na katriji mpya inakaribia bei ya mashine. Nunueni ya wino wa unga, ya rangi nyeusi tu. Unga haukauki.

Intaneti ni suala jingine. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za Seacom na EASSy zilipata hitilafu, na nchi nzima ikaonja kukaa bila mtandao wa maana. Kwetu huku wengi hawakustuka, maana walidhani ni bando limekwisha. Lakini kijana aliyeambiwa kwamba elimu yote iko mtandaoni, siku hiyo alikuwa hana elimu. Tungependa sharika zenye shule za awali au vikundi vya vijana zifikirie maktaba isiyohitaji mtandao. Kuna kikompyuta kinachoitwa Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, kinachotoshea kiganjani na kinachoweza kuendeshwa kwa betri ya sola ya kawaida. Ukiweka ndani yake programu ya Kiwix, unaweza kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili, ambayo ilianza mwaka 2003, na vitabu vingine, na wanafunzi wakavisoma kwa simu zao wakiwa karibu nacho, bila vocha hata ya shilingi mia. Ofisi yetu inakipenda kifaa hiki kuliko inavyopaswa. Hata hivyo hatutakipeleka mahali ambapo hakuna watu wawili waliokubali kukijifunza.

Ndugu wajumbe, tumekaa sana kwenye kompyuta, na huku kifaa kikubwa kuliko vyote kimo mifukoni mwenu.

Wengi hapa mna kitochi, na wengine mnakificha vijana wasikione. Msikifiche. Kinakaa na chaji siku kadhaa, kinaangaza njia usiku, kikianguka kinaokotwa. Toka Vodacom walipoanzisha M-Pesa hapa Tanzania mwaka 2008, kitochi hicho hicho kimekuwa benki. Anayewaambia kwamba usharika hauwezi kuendelea bila kila mzee kuwa na simu janja, mwulizeni yeye anauza nini. Mkinunua simu mpya, bonyezeni *#06# muone namba yake ya utambulisho kabla ya kutoa fedha. Mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozifungia simu bandia, jinsi watu walivyoamka na vipande vya plastiki mkononi.

Lakini simu janja moja kwa usharika, tunaiunga mkono, na sababu yetu ni muhogo. Batobato na michirizi ya kahawia mnayajua magonjwa haya. Michirizi ya kahawia ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1936, na bado inatuumiza, kwa sababu shina linaweza kuonekana zima shambani, unachimba ukitegemea makopa ya mwaka, unakuta kuoza. Ipo programu inayoitwa Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na IITA na FAO. Ukiishaiweka kwenye simu, inafanya kazi shambani bila mtandao, na inazungumza Kiswahili. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia inachokiona. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, Nuru ilitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Ilipoangalia majani sita ya mmea mmoja, usahihi ulipanda kufikia kati ya asilimia 74 na 88. Kwa hiyo atakayekabidhiwa simu hiyo asipime jani moja akatoa hukumu. Na akishapata jibu, awatafute watafiti wa Naliendele au afisa ugani kwa ajili ya mbegu safi, maana simu haina vipando.

Sasa tufike mahali panapotuuma. Malipo ya korosho siku hizi hupita benki, na kwa wengi yanaishia kwenye simu. Tangu msimu wa 2024 hata mnada wenyewe unaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX. Hayo ni maendeleo na tunayapongeza. Lakini simu ni ya nani? Tumekutana na mama mjane katika uwanda wa Makonde ambaye laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mpwa wake, kwa sababu wakati wa usajili wa alama za vidole, uliofika ukomo Januari 2020, yeye hakuwa na namba ya NIDA. Ilikuwa ni kusaidiana, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mpwa akaenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Msimu ukafika, fedha ya korosho zake ikatoka benki ikaingia kwenye simu, na wiki hiyo hiyo simu ikaanguka kisimani. Alipokwenda kurudisha laini akaambiwa alete mwenye vidole. Miezi miwili alikopa unga wakati fedha yake ipo. Hakuna aliyemwibia. Kwa mashine, mama huyu hakuwepo.

Ndugu wa kamati, kabla ya kuomba kompyuta yoyote, fanyeni hesabu ya watu wa namna hii katika mitaa yenu. Kila mwenye laini abonyeze *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wajane na wazee wanaotumia laini za watoto wasaidiwe kupata namba ya NIDA, hata kama ni kuwachangia nauli ya kwenda wilayani mara tatu. Kazi hii haina kifaa cha kupiga picha wala kibao cha kuzindua, nasi tunawaomba wafadhili waitazame kwa jicho la kipekee kwa sababu hiyo hiyo. Tuwafundishe pia kutojibu ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wenye kuutuma hawamjui mtu. Wanatupa nyavu na kungoja anayedaiwa. Namba yao ipelekwe 15040.

Vijana wametuuliza kuhusu gemu. Baadhi ya wazee wanataka tuseme ni dhambi. Hatutasema hivyo. Wazee hao hao tunawakuta chini ya mwembe tangu adhuhuri, mashimo 32 na kete 64 mbele yao, na bao halijawahi kuwatoa kanisani, ingawa shambani limewatoa. Mchezo unaofundisha kuhesabu na kusubiri zamu ni mchezo mzuri, uwe kwenye ubao au kwenye kioo. Tunachokikataa ni kamari iliyovaa nguo za gemu: mikeka ya mpira kwenye simu, na mashine za kutumbukiza sarafu dukani. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18, na kila mmoja hapa anajua mahali ambapo mtoto wa darasa la sita anaonekana akisubiri zamu yake. Mzee wa kanisa mwenye duka lenye mashine hiyo hatumtaji, lakini tungefurahi akiiondoa kabla ya kutuletea maombi ya mradi wa vijana.

Tumalizie na utaratibu. Maombi yote ya vifaa tunayarudisha leo. Yaandikwe upya, na kila moja liwe na jina la fundi aliye ndani ya mwendo wa siku moja, majina ya watu wawili watakaojifunza, mmoja wao awe mwanamke, na maelezo ya umeme utatoka wapi na nani ataulipia mwaka wa pili. Orodha ya wasio na laini za majina yao iambatanishwe. Usharika utakaoleta orodha hiyo bila ombi lolote la kifaa tutaupokea kwa furaha kabisa. Fomu ziko kwa katibu, meza ya nyuma, karibu na chai.