Dumu la Lita 20: Mhadhara juu ya Chombo, Nafsi na Jamii



Desturi ya mhadhara wa aina hii humtaka msemaji aufungue uwanja wake wa utafiti kwa namna ambayo hata asiye mwanataaluma ataingia na kutoka na kitu mkononi. Uwanja wangu ni sosholojia. Usiku huu nitaueleza kwa kutumia chombo ambacho wengi wenu mmekigusa kabla ya kuja hapa: dumu la plastiki la lita 20, hasa lile la njano, lililoingia nyumbani na mafuta ya kula likabaki kuchotea maji. Kenya wataliita mtungi au jerikeni, na Kongo watasema bidoni, lakini mgongo unaouma ni ule ule.

Hoja yangu ni moja. Tumezoea kulisifu dumu kwa ustahimilivu, na kupitia dumu tukajisifu wenyewe: Mwafrika havunjiki, mama zetu ni chuma, vijana wetu hawakosi njia. Nadai kwamba sifa hiyo imekuwa kisingizio. Kila dumu linalobebwa ni kazi ambayo mtu mwingine aliahidi kuifanya, hakuifanya, kisha akatupongeza kwa kuifanya sisi.

Nasaba ya chombo

Kabla ya dumu lilikuwapo debe, bati la galoni nne, yaani lita 18 hivi, lililoleta mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, debe lilichota maji, likapima mahindi sokoni, na mwisho wa maisha yake likakunjuliwa na kuezekwa. Jeshi la Uingereza lilipopigana Afrika Kaskazini katika Vita vya Pili vya Dunia lilisafirisha petroli kwa mabati membamba ya galoni nne, ndugu wa debe letu, na mengi yalivuja jangwani kabla hayajafika. Wajerumani walikuwa na kopo lao la chuma la lita 20, lililosanifiwa miaka ya 1930. Waingereza waliliteka, wakalipenda, wakaliiga. Umbo la dumu tunalolijua, la pembe nne na ubavu bapa, linatoka huko.

Ninawaomba mkitazame kishikio. Kopo la jeshi lilikuwa na vishikio vitatu sambamba. Askari mmoja aliweza kubeba mawili matupu kwa kila mkono. Askari wawili waliweza kulishika moja lililojaa, kila mmoja upande wake. Na mstari mzima uliweza kupokezana bila kulitua chini. Aliyelisanifu alifikiria kikosi. Dumu la njano lina kishikio kimoja. Katika safari ya kutoka jeshini hadi jikoni vishikio viwili vimepotea, na pamoja navyo limepotea wazo kwamba mzigo huu ni wa zaidi ya mtu mmoja. Kiwanda hakikuwa na nia mbaya. Kilitengeneza chombo cha kuuzia mafuta. Hata hivyo, ukitaka kujua jamii ya leo inamfikiriaje mwanadamu, hesabu vishikio.

Mafuta ya kula yanayokuja na dumu la njano nayo yana historia. Sehemu kubwa ya mafuta ya mawese yanayouzwa Afrika Mashariki hutoka Indonesia na Malaysia. Mchikichi unaozaa mawese ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne iliyotokana na mbegu za Afrika ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, na mashamba makubwa ya Asia yakafuata miongo kadhaa baadaye. Leo tunanunua mafuta ya mti uliotoka kwetu, na tunachobaki nacho ni chombo. Dumu hutufikia likiwa limemaliza kazi iliyolipiwa. Sisi tunaanzia kwenye maisha yake ya pili, yale ambayo hakuna kiwanda kinachoyawekea dhamana.

Mtu kama dumu

Mnunuzi wa dumu lililotumika hufungua kifuniko akanusa. Akishawishika, atatia mchanga, kokoto na maji, atalitikisa mpaka mikono ichoke, kisha atanusa tena. Lililowahi kubeba mafuta ya taa litakuwa la kufulia tu. Chombo hukumbuka kilichowahi kutiwa ndani yake, na hapo ndipo ninapoanza kujiona.

Mtu wa kizazi changu aliyesomeshwa na ukoo alijazwa kwa makusudi. Mmoja aliuza mbuzi, mwingine akaacha shule ili mimi niendelee, kijiji kikachanga nauli. Kilichotiwa kilikuwa elimu, lakini kilitiwa ili kibebwe hadi kwa wengine. Ndiyo maana mshahara wa mwalimu mmoja katika nchi zetu haujawahi kuwa mshahara tu. Ni bima ya afya ya shangazi, mkopo wa masomo wa mpwa, pensheni ya wazee wawili na mfuko wa maafa wa mtaa. Mwisho wa mwezi simu inaanza kuita kabla benki haijafunguliwa. Katika kundi la familia la WhatsApp, orodha ya michango inapanda: fulani ameshatoa, fulani ameahidi, na jina lako halina kitu mbele yake.

Simlaumu anayepiga simu. Mgonjwa akiwa kitandani, atampigia nani? Ninachosema ni kwamba mwenye mshahara amefanywa dumu la taasisi ambazo zingepaswa kuwapo. Kwa kuwa anabeba, zinaendelea kutokuwapo.

Msanii Romuald Hazoumè wa Benin ameliona jambo hili kwa jicho kali kuliko la wanasosholojia wengi. Katika nchi yake petroli ya magendo huvushwa kutoka Nigeria kwa madumu ya plastiki yaliyofungwa kwenye pikipiki. Ili libebe zaidi, dumu hupashwa moto mpaka litanuke. Linachukua lita nyingi kuliko lilivyoumbiwa, ukuta wake unakuwa mwembamba, na linatumikishwa hadi ukingo wa kupasuka, kisha linatupwa. Hazoumè huyakata madumu hayo akayafanya vinyago: mdomo wa dumu ni mdomo wa mtu, kishikio ni pua. Kazi yake La Bouche du Roi, iliyonunuliwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 2007, ina vinyago 304 vilivyopangwa kufuata mchoro wa meli ya watumwa iitwayo Brookes. Ujumbe wake haukwepeki: biashara ya kumtanua mtu ili abebe kuliko uwezo wake, kisha kumtupa, haikuisha pale meli zilipoacha kutia nanga.

Tumwangalie sasa muuguzi wa zamu mbili, dereva wa bodaboda anayelala kwa saa nne tu ili arejeshe hela ya tajiri, mhadhiri mwenye wanafunzi 600 katika ukumbi wa watu 200. Tunawaita wachapakazi. Hazoumè angeuliza ni nani aliyewasha moto chini yao.

Foleni

Wahenga walilikejeli debe tupu kwa kelele zake. Dumu tupu halina kelele. Kazi yake likiwa tupu ni kusubiri. Nenda kwenye kioski cha maji alfajiri utakuta madumu yamejipanga bila wenyewe. Moja lina utepe mwekundu, jingine limechomwa herufi kwa msumari wa moto, la tatu kifuniko chake ni mfuko wa nailoni. Mwenye dumu amekwenda kuwasha jiko au kumwandaa mtoto wa shule, na hakuna atakayeliruka. Hapa pana utaratibu wa kiraia ambao ofisi nyingi zenye viyoyozi hazijaufikia.

Ila foleni yenye nidhamu haiongezi maji. Vijana waliohitimu wanaujua ukweli huo: wamejipanga, wana alama zao, hawamruki mtu, na bomba halijafunguliwa. Tukiwafundisha subira pekee tutakuwa tunainoa foleni.

Wala wanaosimama katika foleni ya maji si watu wowote tu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba katika kaya 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, wanawake na wasichana ndio wachotaji wakuu. Lita 20 za maji ni kilo 20. Tunapousifu ustahimilivu, aghalabu tunasifu shingo ya msichana.

Ahadi kwa mita

Nirudi kwenye neno nililolitumia mwanzoni: aliahidi. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, uliolenga kwamba kufikia 1991 kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kenya, kwa mpango wake wa mwaka 1974, ilitazamia maji kwa wote ifikapo mwaka 2000. Miaka hiyo ilifika na kupita. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilizirudia mita 400 na kuweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku. Kenya iliandika haki ya maji katika Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010. Mwaka huo huo, Julai, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyatambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 hazikuegemea upande wowote. Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa hizo 41.

Tupige hesabu ya sera ikiwa imetekelezwa kikamilifu. Kaya ya watu sita, kila mmoja lita 25, inahitaji lita 150, yaani madumu saba na nusu. Kituo kiko mita 400. Anayebeba dumu moja kwa safari atakwenda mara nane, kilomita 6.4 kwenda na kurudi, nusu yake akiwa na mzigo kichwani, na kesho ataanza upya. Katika takwimu, kaya hiyo inahesabiwa kuwa imefikiwa na huduma.

Wenye bomba nao wasicheke. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania, wakatoa kitabu Drawers of Water mwaka 1972. Miaka 30 baadaye watafiti walirudi kwenye maeneo yale yale. Wasio na bomba walikuwa wanatumia karibu mara mbili ya zamani. Wenye bomba walikuwa wameshuka hadi karibu nusu, kwa kuwa mabomba mengi yalikuwa yametangulia na maji hayakufuata. Ndiyo sababu hata katika nyumba yenye bafu la marumaru utakuta madumu yamepangwa nyuma ya mlango. Na anayetegemea dumu peke yake hulipa zaidi: Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya mwaka 2006 ilieleza kwamba wakazi wa mitaa duni ya miji mingi hulipa mara 5 hadi 10 ya bei ya lita moja wanayolipa matajiri wa mji huo huo.

Pingamizi

Nitaulizwa: je, dumu halikutukomboa? Lilitukomboa. Ni jepesi kuliko mtungi wa udongo na likianguka halivunjiki. Mdomo wake mwembamba huzuia mikono na vikombe vichafu kuingia, jambo lenye maana kubwa palipo na kipindupindu. Msukuma mkokoteni amesomesha watoto kwa madumu, na mjane mwenye kioski amejenga. Kwa hiyo sina ugomvi na dumu, wala na anayelibeba.

Ugomvi wangu ni na anayelitazama akaridhika. Wafadhili na wanasiasa hupenda picha ya mama mwenye dumu akitabasamu. Ripoti zetu za kitaaluma hupenda kuliita hilo mkakati wa kukabiliana na mazingira. Mkakati una mbadala. Asiye na mbadala hana mkakati, anabeba tu.

Pendekezo

Ninapendekeza kipimo. Taarifa za maji za nchi zetu huhesabu visima vilivyochimbwa, kilomita za bomba na asilimia ya waliofikiwa. Tuongeze hesabu ya ubebaji: kilo ngapi, mita ngapi, saa ngapi, kichwani mwa nani. Kisima kipya kisichopunguza hesabu hiyo hakijafanya kazi kilichochimbiwa, hata kama kilizinduliwa na mgeni rasmi. Kipimo hicho hicho kitumike kwa watu: waajiri wajue mwalimu mmoja anabeba wategemezi wangapi, na wapanga bajeti waone kwamba kila bima ya afya inayocheleweshwa inalipwa tayari, kwa siri, na mtu ambaye hakuulizwa.

Chuo hiki kinaweza kuanza mwezi huu bila kusubiri ruzuku. Wanafunzi wa takwimu, jiografia na jinsia wataweza kuhesabu madumu yanayopita kwenye geti letu kila asubuhi yakienda mitaa ya jirani, wauulize kila mgongo umetoka wapi na unakwenda wapi, kisha matokeo yapelekwe kwenye mamlaka ya maji na kwa madiwani kabla ya kikao cha bajeti. Majirani zetu mlioko humu, njooni mtusahihishe hesabu. Nanyi wanafunzi, mkisikia tena mtu akiusifu ustahimilivu wenu, mshukuruni kwa adabu, kisha mwulizeni yeye amebeba nini.