Mwanasaikolojia Akae Karibu na Kliniki ya Mama na Mtoto

Ndugu wakunga, wauguzi na waganga,

Nimeombwa nieleze kazi ya mwanasaikolojia tiba katika afya ya uzazi. Naanza na mahali anapokaa, maana hapo ndipo mengine yote yanapoamuliwa. Katika hospitali zetu nyingi chumba chake kiko upande wa wagonjwa wa akili, na mama mwenye kichanga haendi huko. Anaogopa jirani atamwona. Anaogopa mawifi watasema amechanganyikiwa, anyang'anywe mtoto. Lakini kliniki haikosi: atakuja kupima presha na wingi wa damu, kisha atarudi kwa chanjo. Basi sisi ndio tumfuate.

Anapofika kwenu, anachoeleza ni mwili. Kichwa kinamgonga, mgongo unamuuma, mwili unawaka moto, moyo unakwenda mbio. Maumivu hayo ni ya kweli na yapimwe. Mkishapima malaria na damu msikute kitu, muulizeni: mtoto akilala, wewe unalala? Aliyechoka tu hulala. Mwenye sonona mara nyingi hukodoa macho hadi mtoto anaamka tena.

Machozi ya siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua huwapata wengi, na hukauka yenyewe ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, mama akakosa hamu ya kula, ya kuoga, hata ya kumpakata mwanawe, anahitaji tiba. Kichaa cha uzazi ni jambo jingine kabisa. Humpata mama mmoja au wawili katika kila 1,000, aghalabu katika wiki hizohizo mbili za mwanzo. Huyo hapangiwi miadi: anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, wala haachwi peke yake na mtoto.

Kwa sonona tunacho Kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987 na John Cox, Jeni Holden na Ruth Sagovsky. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3. Nasikia kikiitwa kipimo cha Wazungu. Lakini Cox alianza utafiti wake Uganda miaka ya 1970, akachapisha mwaka 1979 matokeo ya wanawake 263. Huko aliwakuta Waganda wakiujua tangu zamani ugonjwa wa akili unaompata mzazi, wakiuita amakiro. Maradhi haya ni yetu pia.

Kasoro ninayoiona ni ukosefu wa faragha. Mama mkwe akiwa ameketi kwenye benchi hilohilo, majibu yote yatakuwa "niko salama". Swali la 10, linalohusu kujidhuru, lisipitwe mbio hata jumla ya alama ikiwa ndogo. Wengine huficha wazo la kujiua kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kosa la kujaribu kujiua Januari 2025; hapa Tanzania bado limo katika Kanuni ya Adhabu. Mwambieni wazi kwamba kuwa na wazo hilo si kosa, na kwamba amefanya vyema kusema.

Akishasema, tiba ipo, na si yangu peke yangu. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walichapisha utafiti kutoka vijijini Pakistan. Wahudumu wa afya wa kijiji walifundishwa kumtembelea mama nyumbani, kumsaidia kuyapima mawazo yanayomvunja moyo, kupanga naye hatua ndogo, na kuwashirikisha wa nyumbani. Baada ya miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23. Kwa akina mama waliotembelewa na wahudumu wasio na mafunzo hayo, asilimia 53. Wahudumu hao si madaktari. Ni watu kama wahudumu wetu wa ngazi ya jamii.

Kuna na aliyejifungua mtoto mfu. Tafadhali, asilazwe kati ya wanaonyonyesha. Akitaka kumwona mwanawe, amwone; akikataa, asilazimishwe. Na aambiwe mapema kwamba maziwa yatakuja, kwa sababu akirudi nyumbani mikono mitupu kisha kanga ikalowa, uchungu wake huwa hauna mfano. Vivyo hivyo aliyekosa mtoto kwa miaka: msimpime peke yake. Mwanaume ana sehemu katika karibu nusu ya visa vya ugumba, ila matusi humwangukia mke.

La mwisho ni dawa. Mwanamke anayetumia sodiamu valproeti kwa kifafa au kwa maradhi ya hisia aulizwe kuhusu uzazi wa mpango kabla hajashika mimba, maana dawa hiyo huleta ulemavu wa kuzaliwa kwa takriban mtoto 1 kati ya 10. Asiiache ghafla, daktari ndiye atakayembadilishia.

Ombi langu kwa waganga wafawidhi: tengeni chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, kando ya chumba cha chanjo, na mwanasaikolojia awepo siku za kliniki. Nanyi wakunga, msimpe mama karatasi ya rufaa aende nayo mwenyewe. Mshikeni mkono, mmlete, mseme mbele yake, "Huyu ni mwenzetu."