HASIRA NDANI YA MOTOKAA
(Maneno ya mwanachama mmoja wa reli mbele ya mkutano wa madereva)



Mimi ni mtu wa reli, lakini nimeombwa niseme juu ya barabara. Sisi na ninyi hukutana mahali pamoja, nako ni pale reli inapokata barabara. Treni ya mizigo ikipigwa breki yaweza kwenda kilomita nzima au zaidi kabla haijasimama, wala haina njia ya kukwepa. Dereva mwenye hasira hakumbuki hayo. Aona tu ya kuwa amecheleweshwa.

Wataalamu wa mambo ya akili wamelichunguza jambo hili. Katika Marekani, Raymond Novaco aliandika kitabu juu ya kuitawala hasira mwaka 1975. Na mwaka 1994 Jerry Deffenbacher na wenzake walitoa maswali ya kupimia hasira ya madereva. Mafundisho ya wataalamu hao si magumu.

Kwanza, mwenzako akikukatia njia, kitendo chake peke yake hakiwashi moto. Moto huwashwa na maneno unayojiambia moyoni: "Amenidharau! Nitamwonyesha!" Basi badili maneno. Jiambie: "Labda hakuniona. Labda amebeba mgonjwa. Kazi yangu ni kufika."

Pili, utazame mwili wako. Kabla hujapiga honi, mikono imekwisha kukaza usukani, meno yameumana, moyo wapiga mbio. Hizo ni alama, kama taa nyekundu kwa dereva wa treni. Ukiziona, legeza mabega, vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi, mara tatu au nne. Punguza mwendo, mwachie nafasi.

Tatu, jizoeze mapema. Ukiwa umeketi nyumbani, fikiri matatu ikikukatia njia, kisha legeza mwili na kujiambia yale maneno mema. Breki hujaribiwa kabla treni haijaondoka stesheni.

Wengine watasema: "Hasira yetu ni ya haki. Saa za kazi ni nyingi, mshahara ni mdogo, na tajiri ataka gari lifike upesi." Ni kweli. Lakini yule aliyekukatia njia siye aliyepanga mshahara wako. Hasira hiyo ilete hapa chamani, iandikwe, tuipeleke kwa tajiri kwa umoja. Ukiimaliza barabarani, tajiri atanunua gari jingine. Bali wewe na abiria wako hamtapata uhai mwingine.