Anajua yote, lakini hawezi kuchagua

Masomo: 1 Wafalme 3,5-28, Kutoka 31,1-6



Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakibeba na hakuna aliyekiona chake: ubongo. Kwa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1,4. Ndani yake ndimo tunamosikia utamu wa wimbo, ndimo fundi anamotunga mtindo mpya, na ndimo tunamochagua njia ya kushika. Tunazoea kufikiri kwamba mambo hayo matatu yako mbali mbali. Uzuri tunauwekea siku ya sikukuu, ufundi tunawaachia wenye kipaji, na uamuzi tunasema ni kazi ya akili peke yake. Tunawaambia watoto wetu: tumia akili, moyo uuweke pembeni.

Sasa tazameni mfalme Sulemani. Alikuwa angali kijana, na usiku ule kule Gibeoni aliambiwa aombe anachotaka. Hakuomba miaka mingi, hakuomba mali, hakuomba adui zake wafe. Alijua kwamba kesho asubuhi watu watamletea mashauri yao, akaomba moyo unaosikia, apate kutenganisha jema na baya. Sikieni vizuri: kwa kazi ya kuhukumu, aliomba moyo. Katika lugha ya Waebrania, moyo ni mahali mtu anapofikiri, anaposikia uchungu na furaha, na anapoamua, yote kwa pamoja. Wanganga wa ubongo wamepita njia nyingine kabisa, na wamefika karibu na hapo.

Kule Marekani kulikuwa na mtu mmoja ambaye munganga Antonio Damasio alieleza habari zake katika kitabu cha mwaka 1994. Jina lake la kweli lilifichwa. Katika kitabu anaitwa Elliot. Alikuwa na kazi nzuri, mke na watoto. Uvimbe ukaota katika ubongo wake, nyuma ya paji la uso. Wanganga wakaupasua na kuutoa, lakini sehemu ya ubongo wa mbele iliyokuwa imeharibika ikaondolewa pamoja nao. Akapona. Walipompima akili, walikuta iko sawa. Kumbukumbu ilikuwa sawa, hesabu sawa, maneno sawa.

Lakini maisha yake yalivunjika. Kazini, akipewa karatasi azipange, aliweza kumaliza mchana mzima akijiuliza azipange kwa njia gani. Alifukuzwa kazi, akapoteza pesa zake katika biashara mbaya, ndoa yake ikafa. Damasio alishangaa kuona kwamba anasimulia mabaya hayo yote bila uchungu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Akionyeshwa picha za nyumba inayoungua ao watu wanaozama majini, alijua kwamba ni mambo ya kutisha, lakini hakusikia tena kitu ndani yake.

Mgonjwa mwingine, mwenye jeraha mahali pale pale, alipewa siku mbili achague moja ya kurudi hospitalini. Alitoa kalenda yake. Kwa muda wa karibu nusu saa alihesabu sababu: siku hii nina kazi fulani, siku ile labda mvua itanyesha, siku hii tena iko karibu na shuguli nyingine. Hakufika mwisho. Munganga akamwambia basi, njoo siku ya pili. Akajibu tu: ni sawa. Akafunga kalenda yake akaenda.

Wandugu, hapo kuna fundisho kubwa. Sababu hazijichagui zenyewe. Unaweza kuzipanga kama mihogo sokoni, fungu kwa fungu, na bado usijue ununue lipi. Lazima ndani yako kuwe na kitu kinachosema: hili ni la thamani, lile si kitu. Kitu hicho ni hisia, na sehemu ile ya ubongo iliyo nyuma ya paji, juu ya macho, inasaidia kuunganisha hisia na mawazo. Ikiharibika, mtu anajua yote lakini hawezi kuchagua.

Na uzuri unaingia wapi? Mwaka 2011, mjini London, Tomohiro Ishizu na Semir Zeki waliwaweka watu 21 katika mashine inayopiga picha ya ubongo ukiwa kazini. Waliwaonyesha picha zilizochorwa, wakawasikilizisha muziki, na kila mmoja akasema mwenyewe: hii ni nzuri, hii ni ya kawaida, hii ni mbaya. Kila mara mtu aliposema ni nzuri, iwe kwa jicho ao kwa sikio, kulikuwa na sehemu moja iliyofanya kazi zaidi. Iko mbele, chini, juu ya macho: katika eneo lile lile tulilokuwa tunalitaja. Ubongo ni kitu kikubwa na sehemu zake zinafanya kazi pamoja. Hakuna anayeweza kusema kwamba uzuri unakaa katika chumba kimoja. Lakini tunaona kwamba uzuri na uamuzi ni majirani. Wanachota maji katika kisima kimoja.

Tuende pia kwa mafundi. Mwaka 2008, kule Marekani, Charles Limb na Allen Braun waliwachukua wapiga piano sita wa muziki wa jazi, wakawaingiza katika mashine ya namna hiyo wakiwa na kinanda kidogo mapajani. Kwanza walipiga wimbo waliokwisha kuujua. Halafu wakaambiwa watunge hapo hapo. Walipokuwa wanatunga, sehemu za ubongo zinazomchunguza mtu na kumsahihisha zilipunguza kazi, na sehemu ya katikati, ile inayohusika na mtu kusema yaliyo yake, ikaongeza kazi. Mlinzi wa mlangoni alikaa chini kidogo, mwenye nyumba akaanza kusema.

Lakini msisahau: hao walikuwa mafundi. Walikuwa wamezoeza vidole vyao kwa miaka mingi. Mtu asiyejua piano, mlinzi wake akikaa chini, tutasikia makelele tu. Kitabu cha Kutoka kinatuonyesha Bezaleli, aliyeitwa kwa jina lake na kujazwa Roho wa Mungu ili atengeneze hema. Na kazi yake ilikuwa dhahabu, feza, shaba, kuchonga mawe na mbao, mambo yanayotaka mkono uliozoea. Waimbaji wa korali wanalijua jambo hili. Yule anayeongoza wimbo, siku ya Mungu anaongeza neno ambalo halikuandikwa, na watu wote wanasimama. Neno lile limetoka katika majioni mengi ya mazoezi.

Ndivyo ilivyo kwa uamuzi. Siku ya kuamua haitoi muda wa kujifunza kupenda. Kijana anayefikiwa njiani na mtu mwenye pesa na bunduki, akiambiwa twende, hatakaa chini na kuhesabu sababu kumi upande huu na kumi upande ule. Moyo wake utaegemea mahali ulipozoea kuegemea. Kama tangu utoto alisikia kwamba nguvu ni nzuri, kwamba kumwaibisha mwenzako ni kichekesho, kama simu yake imejaa nyimbo tamu zinazosifu kuua watu wa kabila lingine, basi uamuzi ulianza kufanywa zamani, nasi wazazi tulikuwepo. Wimbo mtamu unaweza kubeba sumu, na ubongo unaweza kuyazoea maovu yaliyopakwa asali. Kwa hiyo tusiseme kwamba yale watoto wanayoyaona kuwa mazuri ni mchezo tu. Tunapowafundisha kuimba pamoja, kusuka kitunga vizuri, kufagia uwanja ukapendeza, kumsifu aliyesema ukweli, tunawatayarishia siku ambayo hatutakuwa karibu nao.

Kuna jambo la pili, na linahusu jamaa zetu. Mwaka 1848, katika jimbo la Vermont kule Marekani, msimamizi wa watu waliojenga njia ya treni, jina lake Phineas Gage, alipatwa na ajali ya baruti. Chuma chenye urefu wa zaidi ya metre 1 kiliingia chini ya shavu lake la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Hakufa. Lakini munganga wake, John Harlow, aliandika kwamba tabia yake ilibadilika: matusi, kukosa uvumilivu, mipango inayoanzishwa na kuachwa. Rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Wakubwa wake walikataa kumrudishia kazi yake.

Huku kwetu tungesema nini? Tunajua wenyewe. Mtu anaanguka na pikipiki, ao anapooza upande mmoja, ao mtoto anapona malaria iliyopanda kichwani, na baadaye tabia inageuka. Tunasema ni pepo. Tunasema amelogwa, ao mtoto mwenyewe ni mlozi. Anafungwa kamba, ananyimwa chakula, anafukuzwa nyumbani. Wandugu, kabla ya kutamka neno hilo, ulizeni: je, aliumia kichwa? Alipatwa na homa kali? Alianguka kifafa? Mpelekeni kwa munganga. Maombi na hospitali si maadui. Mnaweza kumwombea mtu mkiwa mmemshika mkono kwenye mlango wa hospitali. Lakini kumpiga mtu kwa sababu ya jeraha la ubongo ni kumwongezea mgonjwa ugonjwa.

Na tusikate tamaa juu yake. Gage yule, baada ya miaka michache, alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi ya kubeba abiria kwa miaka kadhaa. Ni kazi yenye saa zake na njia yake, ileile kila siku. Wachunguzi wengine wanafikiri utaratibu huo ulimsaidia kusimama tena. Basi aliye na mgonjwa wa namna hii nyumbani asimpe mambo mengi ya kuchagua kwa mara moja. Ampe kazi moja, saa ileile, pamoja na mtu mmoja mwenye uvumilivu. Awe kwake akili ya kuazima.

Tumalize na Sulemani. Wanawake wawili walikuja mbele yake na mtoto mmoja aliye hai. Huyu alisema ni wangu, na yule alisema ni wangu. Hakuna shahidi. Sababu zilikuwa sawa pande zote mbili, kama siku zile mbili za yule mgonjwa na kalenda yake. Hesabu peke yake ingemweka mfalme pale mpaka jioni. Akaagiza upanga uletwe, na mara huruma ya mama ikalia kwa sauti. Mfalme aliisikia sauti ile, akaitambua kuwa ya kweli, akaamua. Moyo unaosikia si moyo unaopiga kelele. Hauamui katika hasira wala kwa uvumi wa barabarani. Unalala usiku mmoja, unauliza mtu mzima, unasikiliza anayelia, kisha unachagua.

Mungu atupe moyo huo, na atusaidie kuuzoeza kila siku. Amina.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:
1. Watoto wetu wanasikia na kuona nini kila siku ambacho wanakiita kizuri?
2. Je, katika mtaa wetu kuna mtu anayeitwa mwenye pepo ao mlozi, ambaye hajafikishwa kwa munganga? Nani kati yetu atamsindikiza?